Dakika ya Ismael

Mtaa wa Los Ceibos, nyumba ya geti la kijani,
González Catán,
Buenos Aires.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa Dada Herminia,

Nakusalimu kama mama alivyotufundisha, kuuliza mwili kwanza na moyo baadaye. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Río Gallegos? Nasikia huko hata mwezi huu watu bado wanavaa makoti, na upepo unaweza kumlaza mtu mzima barabarani. Lifunge kwa kitambaa cha sufu unapolala, usione aibu. Huku joto limeshaanza, na mbu wamekuja na jamaa zao wote.

Na mwanangu Ismael hajambo? Anakula vizuri? Sijui hata kama bado anatoa vitunguu kwenye sahani na kuvipanga pembeni kimoja kimoja. Miaka sita ni mingi, dada, kwa mama mdogo kutojua kitu kama hicho.

Mimi nashukuru Mungu. Macho ndiyo yamepungua, sindano naitia uzi kwa kubahatisha. Bado niko kwenye karakana ile ile ya kushona makoti meupe ya shule, na sasa tumeanza ya mwaka ujao. Nikiyaona yametundikwa hivi, meupe, hayana mtoto ndani, huwa nawakumbuka wanetu wawili walipokuwa wanarudi na yao yakiwa meusi kama waliyavaa kuchimba kisima.

Mama yetu yupo. Ametimiza themanini na nne mwezi wa Septemba. Miguu ina nguvu, kumbukumbu ndiyo imetangulia safari. Jumapili tukikaa uani anatia maji mwenyewe kwenye kibuyu cha mate, yale majani yetu machungu ya kunywa kwa mrija, anakizungusha, na ikifika zamu yako anakinyoosha kwenye kiti kitupu na kungoja. "Herminia anachelewa," anasema, "maji yatapoa." Mimi nakipokea nakunywa kwa niaba yako. Leo asubuhi nimekunywa mara nne.

Utajiuliza kwa nini barua, zama hizi. Simu ulinifungia, na sikulaumu. Sauti unaweza kuizima kwa kidole kimoja. Karatasi itabidi uichane, na anayechana karatasi hakosi kuona neno moja mawili. Unajua shule niliiachia darasa la nne kule Corrientes, kwa hiyo makosa uyasamehe. Barua hii nimeiandika mara tatu nyuma ya karatasi za kukatia nguo kabla ya kuinakili hapa.

Nina jambo la kukwambia na jambo la kukuomba. La kukwambia ni zito, kwa hiyo nitalizunguka kwanza, kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Unakumbuka walivyoanza? Nazareno wangu alikuwa na miaka kumi na tatu, Ismael wako kumi na minne. Walikuwa na waya mmoja wa kusikilizia muziki, kila mmoja sikio lake, wanatembea wamefungamana hivyo mpaka dukani kununua mkate. Watu wakidhani ni mapacha. Na kwa kweli watoto wa dada wawili ni nini kama si ndugu.

Kisha wakaanza kupotea kila Jumapili alasiri. Mimi unanijua, mtoto akichelewa dakika kumi nimeshamzika. Nikawafuata mpaka ile plaza, kiwanja cha mbele ya kituo cha treni, kandambili moja mguuni na moja mkononi. Nikakuta duara la vijana, mmoja anapiga ngoma kwa mdomo, na katikati mwanangu anatukanwa na mtoto mmoja mrefu mwembamba waliyemwita Tambi. Nikapasua kundi nikaingia. Tambi hakukimbia. Alinigeukia akaendelea kufoka kwa vina, papo kwa papo, bila kushika pumzi:

"Jamani tulieni, askari kaja na kandambili,
Huyu mama akinishika nitalazwa wiki mbili;
Nazareno ana mdomo, ila kichwani hana akili,
Kaacha vyombo havijaoshwa, kaja kunionyesha ukatili."

Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nimesimama na kandambili juu kama sanamu. Tambi alipomaliza dakika yake, akamkumbatia Nazareno, kisha akanijia mimi, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, usinune. Haya ni ya humu ndani tu. Nje ya duara mimi mwanao, na nina njaa." Ismael wako naye akaninong'oneza, "Mama mdogo, vaa kiatu chako, chini kuna vigae."

Siku hiyo ndipo nilipojifunza sheria yao. Wanasimama wawili. Kila mmoja ana dakika moja, na mwenzake akisema haruhusiwi kujibu wala kugeuza uso. Ukisemwa, unangoja dakika yako. Kundi linaamua kwa kelele, na kelele zikilingana linapiga ukelele, "Rudia!", wanaanza upya. Unaweza kumsema mtu meno, viatu, mama yake, marehemu wake. Lakini mkimaliza lazima mkumbatiane. Kinachosemwa duarani kinabaki duarani. Binti aliyekuwa anashika saa, Yamila, mtoto wa fundi wa matairi, alikuwa mkali kuliko padri katika hilo. Asiyekumbatia harudi Jumapili inayofuata.

Tangu siku ile nikawa naenda na kikapu cha chipá za moto, vile vimkate vya jibini vya kwetu. Nilikuwa nashangilia wote wawili, na Tambi pia.

Ismael ndiye aliyekuwa bora. Hilo nalisema mimi mama wa mwingine. Nazareno alikuwa anafoka kwa nguvu, mishipa imemtoka shingoni, na mama yetu akambatiza Tero, kwa ile miguu myembamba na makelele kama yule ndege wa malishoni kwetu. Ismael hakuwa na makelele. Alikuwa anamsifu mtu mpaka mtu anaanguka. Kumbuka alivyomwambia yule jogoo wa Morón, "Ndugu, mashairi yako matamu kweli. Mamako alikuandikia lini?" Halafu akitaka kuwaliza watu, alikuwa anamtaja baba yake.

Hapo ndipo penyewe, dada.

Alikuwa anamtaja Fermín kule kusini kwenye visima vya mafuta, upepo unamchubua uso, mkono mmoja kwenye bomba na mmoja kwenye picha ya mwanawe. Alikuwa anazitaja zile jezi za mpira zilizokuwa zinakuja kila siku yake ya kuzaliwa. Vijana wakubwa walikuwa wanafuta macho kwa mikono ya shati. Na mimi na wewe peke yetu, katika dunia nzima, tulijua kwamba jezi ulikuwa unanunua wewe kwa mshahara wa pale kwenye tanuri la mikate, na barua zilizokuja nazo ulikuwa unaziandika wewe kwa mkono wa kushoto. Ulinieleza ukiwa umenishika mikono yote miwili, nami nikakuapia kwa Bikira wa Itatí.

Ile fainali iliangukia kwao wawili, unakumbuka, Jumapili ya mwisho ya Novemba, mshindi aende mashindano ya nchi nzima. Wewe ulikuwa zamu kazini, hukuweza kuja.

Sasa soma polepole. Jumamosi ya kabla yake mvua ilinyesha, nami nikakaanga maandazi kama tunavyofanya siku ya mvua. Nazareno alikaa mezani anatafuna bila hamu. Nikamuuliza ana nini.

"Kesho Isma ananimaliza, mama."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua. Yeye ana cha kusema. Ana baba visimani, ana upepo, ana jezi. Mimi nina nini? Baba aliyekufa kwa ini, na hata jina lake hukuwahi kupenda nilitaje."

Dada, mtoto wangu hakuwa analia, lakini mdomo ulikuwa unamcheza kama alipokuwa mdogo. Na mimi moyo wa mama ukanivuta ulimi. Nikasema nikiwa nimempa mgongo, nageuza andazi:

"Usimwonee wivu mwenzio. Huyo baba hayuko kusini. Yuko Laferrere, vituo vitatu tu kutoka hapa, ana mke mwingine na kabinti. Nimemwona kwa macho yangu sokoni, kakabeba mabegani. Jezi ananunua mama yako mkubwa."

Nikageuka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Hukusikia kitu," nikamwambia. "Halitoki humu."

"Sikusikia kitu, mama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Si Nazareno aliyemwona Fermín. Ni mimi. Si yeye aliyelichimba. Ni mimi niliyempa, na andazi juu.

Kesho yake walifoka mara mbili, na mara mbili kundi likapiga ukelele, "Rudia!" Mara ya tatu zamu ya kwanza ilikuwa ya Nazareno. Nilimwona maneno yanamwisha. Wewe hujawahi kuona hicho kitu, kijana anafungua mdomo na hakuna kilichobaki ndani, na saa inakwenda. Wenyewe wanasema wakati ule mdomo hutangulia kichwa. Mdomo wake ukaenda ukachukua kilichokuwa karibu. Najua ulisimuliwa na watu, na kila mtu alikusimulia kwa namna yake. Ngoja uyapate sawasawa kutoka kwangu mara moja:

"Wasema babako kusini, yuko visimani kwenye mafuta,
Jezi anazokutumia kila siku unazifuta;
Panda treni ya Laferrere, vituo vitatu, utamkuta,
Kambeba bintiye mabegani, wala hana anachojuta."

Kundi likalipuka. Wao walidhani ni mzaha mkali tu, ni ufundi. Nazareno mwenyewe alishika mdomo wake kwa mkono, kama anayetaka kuurudisha ndani.

Na Ismael hakumtazama Nazareno. Hili hujawahi kuambiwa, kwa sababu kwenye ile video halionekani, simu zote zilikuwa zimemwelekea mwanangu. Ismael alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mbele na kikapu changu. Alinitazama kama mtoto anayekuuliza kama dawa ni chungu. Aliniuliza kwa macho, mama mdogo, ni kweli?

Nami nikainamisha macho.

Hilo ndilo lililomjibu, Herminia. Mstari ule angeweza kuujibu, alikuwa na ulimi wa kuujibu mara kumi. Ningemtazama usoni nikatikisa kichwa, angecheka, angechukua dakika yake, angemgaragaza Nazareno, wangekumbatiana, na wewe ungebaki na siri yako mpaka siku ya kuisema mwenyewe. Mimi nilitazama chipá.

Yamila akapiga filimbi akasema, "Ismael, dakika yako." Ismael akageuka akapita katikati ya watu akaenda. Yamila akaita tena. Nazareno akafungua mikono yake miwili, hivi, upana wote, anangoja kukumbatiwa kama sheria ilivyo, anatazama mgongo wa nduguye unaondoka. Akabaki vile mpaka filimbi ya mwisho. Wakampa ushindi akiwa bado amefungua mikono.

Jioni ulikuja getini bado umevaa aproni ya kazini, unga mpaka kwenye nyusi. Ukauliza, "Nani kamwambia?" Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na kitambaa cha vyombo mkononi. Nazareno akatoka akasimama mbele yako, akasema, "Hakuna aliyeniambia, mama mkubwa. Nilimwona mwenyewe kituoni, nikamfuata." Ukasema, "Nimekuosha mwili wako kwa mikono hii, wewe." Basi, hukusema zaidi. Wiki tatu baadaye ulishauza vitu na kupanda basi na mwanao, mkaenda kuishi kule kule tulikokuwa tukisema yuko baba yake.

Yale mengine umeyaona hata huko, maana hayana mlango wa kuyafungia. Ile video kabla ya wiki kwisha ilishatazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa Catán. Sheria yao ilikuwa nzuri, dada, lakini ilitungwa kabla simu hazijajaa mikononi. Kilichosemwa duarani hakikubaki duarani.

Akaja bwana mmoja wa mjini mwenye chumba cha kurekodia kilichotundikwa magodoro ukutani. Yeye na watu wake wakamfundisha Nazareno ule muziki wanaouita trap, ngoma nzito na ya polepole kama moyo wa mgonjwa, na sauti yake wakaipitisha kwenye mashine mpaka nikamuuliza kama ana mafua. Wimbo wa kwanza ulitoka Machi. Ilipofika Krismasi watoto walikuwa wanauimba kwenye foleni ya basi, na mimi nimesimama nao na mfuko wangu wa viazi, hawanijui. Baadaye Córdoba, baadaye Santiago, Meksiko, Madrid. Jina la Tero ambalo mama alilitoa uani sasa limeandikwa kwenye fulana zinazouzwa nje ya kituo.

Na picha. Picha yake kubwa iko kwenye ukuta wa ghorofa pale barabara kuu, ni ile ile ya siku ile. Mikono wazi. Watu wanadhani anajidai, anasema dunia yote yangu. Alipoimba mara ya kwanza kwenye ukumbi mkubwa alinikalisha mbele, na wimbo ulipofika katikati, vijana elfu kumi wakafungua mikono kama yeye. Nikalia. Jirani yangu Celestina akanipapasa mgongo akisema, "Lia tu, mwenzangu, furaha nayo inaumiza." Nikamwitikia ndiyo.

Kitu kimoja watu hawakijui. Tangu siku ile Nazareno hajafoka hata mstari mmoja ambao haujaandikwa kwanza. Wanamwomba redioni, atoe kidogo papo kwa papo kama zamani, anacheka anakataa. Wanasema ameota pembe. Kumbe anauogopa mdomo wake.

Alitaka kunihamishia kwenye nyumba yenye ukuta na mlinzi. Nilikataa. Nilimwambia sipendi kuishi mahali ambapo hata mwuza mboga anaulizwa kitambulisho. Ukweli ni kwamba hii ndiyo anwani unayoijua wewe.

Mwezi uliopita alikuja mchana, amejifunika kofia mpaka puani. Alikula dengu sahani mbili, akatengeneza kitasa cha geti, akakaa uani na mama, mate ikazunguka. Ilipofika kwenye kiti chako na mama akanyoosha mkono, Nazareno alikitazama kile kiti, kisha akasema:

"Mama, tarehe kumi na nne Desemba naimba uwanja wa mpira. Watu hamsini elfu. Wanataka niwatajie mgeni nitakayepanda naye."

"Mtaje."

"Ninayemtaka si wa jukwaani. Nataka Isma. Pale plaza. Dakika yake bado ipo."

Kumbe alikuwa ameshakwenda kwa Yamila. Yamila sasa ni mwalimu wa chekechea, lakini Jumapili bado anashika saa ile ile. Alipomweleza, Yamila akamjibu, "Wewe kwingine ni nyota, hapa unapanga foleni. Na hiyo dakika si yako, usije ukaigawa kama zawadi. Ni ya Ismael. Imekaa hapa miaka sita, hakuna aliyeigusa."

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Jumapili tarehe kumi na tano Desemba, siku moja baada ya ule uwanja mkubwa, saa kumi alasiri, duara litakaa pale kituoni. Yamila ameapa kukusanya simu zote kwenye ndoo na kuikalia ile ndoo mwenyewe. Ismael akija, dakika ni yake. Nazareno atasimama bila kujibu, maana dakika yake alishaitumia. Aseme analotaka. Amseme yeye, aniseme mimi kwa jina, nitakuwa mbele pale pale. Akikosa la kusema, anyamaze dakika nzima, naye atasimama atamsikiliza akinyamaza. Baada ya hapo kukumbatia ni shauri lake. Yamila kasema mara hii hatampigia mtu filimbi kwa hilo.

Msomee hii barua, au mpe aisome mwenyewe, ni mtu mzima. Akikataa usimlazimishe. Nazareno alitaka kuwatumia tiketi za ndege, nikamwambia, humnunulii mtu njia ya kuja kukusema, mwache aje kwa miguu yake. Kitanda kimetandikwa, na vitunguu sitatia.

Nazareno hajui kama nakuandikia haya ya jikoni. Alinikataza tangu siku ile ile. "Mama," alisema, "ukimwambia, utampoteza dada yako. Niache niwe mbaya mimi, mimi nina wa kunishangilia." Miaka sita mwanangu amebeba kosa langu mgongoni, na wewe umemlaani yeye kila ulipomwona ukutani. Unakumbuka mama alivyotusimulia malishoni? Tero akiwa na mayai hapigi kelele karibu na kiota. Anakwenda kupigia mbali, ili watu wamfukuze yeye. Nililiona hilo mara elfu nikiwa mtoto, na sikujua kwamba siku moja kiota kitakuwa mimi.

Kama ni kulaani, geuza uso huku.

Nisalimie yule mama jirani yenu aliyekuuguza goti, Doña Etelvina, ambaye habari zake nilizipata kwa mke wa binamu yetu Saturnino. Saturnino naye anakusalimu, bado anasema ataacha sigara. Celestina anakusalimu. Tambi anamsalimu Ismael, sasa anaendesha lori la gesi na ana kitambi, jina limebaki tu. Mama anakusalimu kwa mkono ule aliounyoosha. Ismael mwambie namsalimu, kama atakubali salamu zangu.

Bikira wa Itatí awafunike kwa vazi lake nyote wawili, awapunguzie huo upepo, na akulinde wewe dada yangu uliyeandika barua kwa mkono wa kushoto ili mtoto awe na baba. Sijaona mapenzi makubwa kuliko hayo, na niliyavunja mimi.

Na wewe pia una dakika yako, Herminia. Siku ile getini hukuitumia. Ichukue utakapotaka, kwa barua, kwa simu, au uje uiseme hapa uani mbele ya mama. Kitasa ni kipya, lakini geti silifungi. Mimi nitakaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja. Sitajibu, na safari hii sitainamisha macho.

Mdogo wako akupendaye, ambaye hajaacha kukupenda hata alipokuwa nyuma ya mlango,

Zunilda